Picha Iliyovalishwa Kaniki

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Shajara hii ni ya mwaka 1996. Haikupata mnunuzi dukani kwa baba, ndiyo maana nimepewa bure. Tarehe zilizochapwa nazikata na kuandika zangu.

Leo picha zimefika, na nina furaha ya kitoto kabisa. Cornel wa mradi wa miti wa mkoa amezileta kwa pikipiki, zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki alilolibeba mgongoni, na mbwa wote wa kijiji chetu cha Mwalugesha wamemkimbiza wakidhani ni bunduki. Ni picha mbili, kila moja inafunika meza ya mwalimu. Satelaiti ilizipiga kutoka juu mno, moja Mei 1986, nyingine Mei 1996, na zote ni za hapa kwetu: mto, mbuga, njia ya kwenda Shinyanga mjini, na vilima vyetu viwili.

Nilianza kumsumbua Cornel tangu Juni. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Boaz, ametazama picha hizo kwa mbali akaniuliza kama zina kibali. Mwalimu Boaz ni mtu mwema anayeogopa wageni, wakaguzi, na karatasi yoyote isiyo na mhuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Darasa la sita wamekaa kimya kwa dakika nzima. Jambo hilo halijatokea tangu nihamie shule hii mwaka jana.

Kisha maswali. Kwa nini kilima cha ngitili ni chekundu? Kinaungua? Nimewaeleza: jani lililo hai linarudisha juu mwanga ambao macho yetu hayauoni, ila jicho la satelaiti linauona. Wachapaji wanaupa mwanga huo rangi nyekundu ili nasi tuuone. Kwa hiyo palipo pekundu pana uhai, na palipo kijivu ni udongo mtupu.

Mtoto mmoja akauliza kama ng'ombe wao wanaonekana. Nikamwambia nukta moja ya picha ni kipande cha ardhi chenye upana wa darasa letu mara tatu au nne, kwa hiyo ng'ombe haonekani, lakini alichokula kinaonekana. Wamecheka sana, nami nimejipenda kwa jibu hilo kutwa nzima.

Picha ya 1986: vilima vyote viwili kijivu. Picha ya 1996: kimoja bado kijivu, ndicho ambacho watoto wanakiita Kipara, na kingine chekundu kama kidole gumba kilichochovywa kwenye wino. Hicho ni ngitili yetu, malisho ambayo kijiji kiliyafunga kwa sheria ya mila. Hakuna kulisha mpaka kiangazi kikali, hakuna kukata mti bila ruhusa ya wote.

Asteria, mjukuu wa mwenyekiti, amenyoosha mkono. Huyu mtoto anauliza akiwa ameinamisha kichwa, utadhani anaomba radhi, halafu anakuacha huna pa kushika. "Mwalimu, labda mwaka ule mvua ilikuwa nyingi tu. Ndiyo maana ni pekundu."

Nilitaka kumbusu. Nikawaambia wote watazame Kipara. Mvua ilikuwa ile ile, mwaka ule ule, vilima vinatazamana. Mbona Kipara ni kijivu? Kelele ikarudi darasani, kila mmoja na jibu lake, mpaka Mwalimu Boaz akaja kuchungulia kuna nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto. Hamna la maana.

Jumatano, 15 Oktoba

Habari mbaya, na nimeipata kwenye bakuli la mlenda. Mama mwenye nyumba wangu, Bibi Paskalia, hasemi jambo zito kabla mtu hajashika tonge.

Mzee Maganga, mwenyekiti wa kijiji, amekubaliana na watu wa machimbo ya upande wa Kahama. Wanataka matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta za maduara, mashimo ya dhahabu, yasiwaangukie wachimbaji. Wataikata ngitili yote, nao watatuletea mabati ya zahanati. Lakini sheria ni sheria: lazima kwanza iitishwe dagashida, mkutano wa wote, na utaitishwa baada ya palizi, Februari.

Bibi Paskalia ni mjane. Ng'ombe wake walivuka kiangazi hiki kwa sababu ya ngitili, wakati watu wa vijiji vya jirani walikuwa wanaburuta mizoga. Nikamuuliza atafanyaje.

"Nitauza wanyama, niende kwa binti yangu Geita," akasema. "Nitakaanga vitumbua machimboni. Kula, ng'wanawane, mlenda unapoa."

Ameniita mwanangu kwa Kisukuma, kisha akageuka kutazama zizi. Nimekula bila kuhisi ladha. Nimemchukia Mzee Maganga kwa moyo wangu wote, na naandika hivyo bila aibu. Mtu mwenye suruali iliyopigwa pasi hivyo kijijini kusiko na umeme lazima ana lake jambo.

Nimeamua: siku ya dagashida nitapeleka zile picha.

Jumanne, 21 Oktoba

Cornel ametupa lori la mradi, tumekwenda uwanja wa ndege wa Ibadakuli, kwenye kituo cha hali ya hewa. Bwana Eustace wa kituoni ametuonyesha picha ya mawingu iliyofika kwa faksi. Watoto wamelitafuta Ziwa Viktoria wasilione, limefunikwa na weupe. Amesema bahari kubwa ya upande wa pili wa dunia imepata joto isivyo kawaida, na hii ya kwetu pia, na satelaiti zinapima joto hilo kila siku. Jina lake El Nino. Mvua itakuwa kubwa, amesema, jiandaeni.

Tumerudi tumepauka vumbi mpaka kope. Mawingu ya faksi yako kwa wenzetu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeharibu. Mimi, Tahera binti Zahid, niliyezaliwa nyuma ya meza ya duka la vitambaa Shinyanga mjini.

Leo saa nne Mzee Maganga ameingia darasani na wazee watatu, Mwalimu Boaz nyuma yao. Watoto wamesimama, shikamoo zimepaa, marahaba zimeshuka. Kisha akatazama picha ukutani.

"Mwalimu, sina ugomvi na jiografia," akasema. "Lakini mvua hazijaanza, mbegu ziko ndani ya vibuyu, nawe umetandaza wekundu mkubwa namna hii, dirisha wazi. Mvua inatuona."

Hapo nikaelewa. Hapa kwetu mvua inaitwa kwa nguo nyeusi. Kuanzia Oktoba mwanamke anayejiheshimu havai nyekundu shambani mpaka ardhi ilowe. Nalijua hilo tangu nikiwa na meno ya utotoni! Nami nimebandika kilima chekundu mkabala na dirisha wiki mbili nzima, huku watu wakitazama mbingu kwa shingo za kuuma.

Mwalimu Boaz akasema haraka haraka kwamba picha zirudishwe mradini kesho. Nikaomba nipewe mpaka Jumatatu. Mzee Maganga akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Jumatatu," akaondoka. Suruali ile ile.

Jioni nimemuuliza Bibi Paskalia kwa nini hakunionya. "Nilidhani unajua," akasema. "Wewe si wa dukani?"

Jumamosi, 25 Oktoba

Mjini. Baba amecheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Wewe umekulia hapa ulikuwa unaangalia nini? Ikifika Oktoba vitambaa vyekundu nahamishia rafu ya nyuma, kaniki naleta mbele. Babu yako alifanya hivyo, nami nafanya hivyo. Duka la jirani lilipanga kanga nyekundu mbele mwaka wa ukame, watu wakapita mlangoni kama kuna msiba."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa sayansi, sitaki kuwafundisha watoto kwamba karatasi inafukuza mvua. Akaacha kucheka. "Nani kasema ufundishe hivyo? Mtu akija dukani amevua viatu, simwambii avivae. Mgeni ni wewe na picha yako." Kisha akachukua mkasi, akanikatia kaniki pana, nyeusi tii, ya kufunika picha zote mbili.

Jumatatu, 27 Oktoba

Picha zimevaa. Bibi Paskalia mwenyewe amekuja shuleni kuhakikisha, akavuta pindo la kaniki lifike chini vizuri, akasema, "Sasa amesitirika."

Mzee Maganga akapita dirishani, akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu Boaz akapumua. Na darasa la sita, ambao wiki mbili walizitazama picha hizo mpaka wakazizoea, sasa hawana hamu ya kitu kingine. Wanainua pindo na kuchungulia mmoja mmoja, kama wanaochungulia sufuria jikoni. Laiti ningejua, ningezifunika tangu siku ya kwanza.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua! Imeanza adhuhuri, matone makubwa ya kuchimba vumbi, halafu mbingu nzima. Tumetoka wote nje, darasa la kwanza hadi la sita, na mimi na sketi yangu nzuri. Mwalimu Boaz alipiga kengele turudi ndani, akaona hasikiki, akaweka kengele chini akasimama nasi. Udongo ulinukia vizuri mpaka nikalia, na kwa bahati hakuna aliyeweza kujua.

Kipimo chetu cha mvua, kopo na rula, kimefurika mara ya kwanza. Asteria ameandika ubaoni.

Alhamisi, 6 Novemba

Kaniki imevuliwa kwa heshima zote. Wazee wanasema imefanya kazi. Darasa la sita wanasema ni bahari. Nimewaambia waandike walichokipima, na wawasalimie wazee vizuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Mkaguzi wa wilaya amekuja bila taarifa, matope mpaka magotini, hasira mpaka kwenye masikio. Amepitia madaftari ya darasa la sita, akaniita mbele ya Mwalimu Boaz ambaye tayari alikuwa anatoka jasho.

"Mwalimu, watoto wako wote wamechora miti myekundu. Hawajui rangi?"

Kabla sijajibu, Asteria akasimama, kichwa kimeinama.

"Tumechora kama inavyoonekana kutoka juu, mheshimiwa. Ukitaka ya kutoka chini, tutachora pia."

Mkaguzi akavuta kiti akaomba aonyeshwe hiyo ya juu. Amekaa saa nzima. Alitaka kuona kwao, akaambiwa na watoto kwamba kwao hakumo kwenye picha, na akasikitika kweli kweli.

Jumatatu, 24 Novemba

Palizi. Nusu ya darasa wako mashambani. Nimekula michembe, viazi vikavu, siku nzima.

Jumatano, 3 Desemba

Redio imesema wakubwa wa dunia wamekutana Japani kuzungumza juu ya moshi unaotia dunia joto. Nimelifanya somo. Nimewachorea dunia na hewa iliyoizunguka kama blanketi, na moshi wa viwanda na magari unavyozidi kulifanya zito. Nimewakumbusha kwamba msimu mmoja wa mvua kubwa si ushahidi wa chochote. Ni lazima kupima miaka na miaka, ndiyo maana picha zetu zimepishana miaka kumi, na ndiyo maana kopo letu lazima lirithiwe na wadogo zao.

"Sisi moshi wetu ni wa jiko tu," akasema mtoto mmoja nyuma. "Kosa letu nini?"

Asteria akasema, "Basi wao wapunguze moshi, sisi tutunze ngitili, tuone nani atamaliza kwanza." Nimeifunga siku kwa hilo.

Ijumaa, 5 Desemba

Shule imefungwa. Nakwenda mjini kuuza vitambaa na kugombana na baba kuhusu ndoa.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Nimerudi kwa taabu. Darasa langu la sita sasa ni la saba, ila mimi bado nawaita la sita. Mvua haijakata tangu Krismasi. Reli imekatika huko mbele, na wanasema malori Isaka yamejipanga kama siafu, hayana pa kwenda. Daraja la kwetu limeondoka na maji, nimevushwa mgongoni na kijana mmoja aliyekuwa ananiambia nisiogope huku yeye anatetemeka.

Nimefunga, ni Ramadhani. Bibi Paskalia, Mkatoliki wa kusali rozari, ananipikia uji wa karanga wa kufuturu na kunikemea nikichelewa.

Jumatano, 14 Januari

Jana alasiri tulisikia mngurumo tukadhani ni radi. Ulikuwa Kipara. Ubavu wa kilima umeporomoka, matope na mawe yakashuka mpaka kwenye pamba yote iliyo chini yake. Kwa rehema ya Mungu hakukuwa na mtu shambani.

Shamba kubwa kuliko yote pale ni la Mzee Maganga.

Nimekwenda na watoto kuona. Pamba iliyofika kiunoni haionekani hata jani. Mzee alikuwa amesimama ukingoni, suruali imejaa tope, na alipotuona akanyoosha shati kama mtu aliyepata wageni ghafla. Asteria akaenda akamshika mkono. Wakasimama hivyo.

Kisha tukageuka, wote kwa pamoja, bila mtu kuambiwa. Kilima cha ngitili kilikuwa pale pale, kijani kizito, maji yanashuka kwenye vijito safi, na mtama wa Bibi Paskalia chini yake umesimama. Mvua ni ile ile. Niliona Asteria anamwonyesha babu yake kwa kidole, na nilijua anachomwambia.

Nimerudi nyumbani nikiwa sina chuki yoyote na yule mzee. Sijui imekwenda wapi.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua. Viatu vimeota ukungu.

Jumanne, 20 Januari

Sikutegemea. Mzee Maganga amekuja shuleni na wazee wale wale watatu, wamejifunika viroba vya mbolea vichwani, wanachuruzika. Shikamoo, marahaba.

"Mwalimu," akasema, "ile picha nyekundu. Ile inayofukuza mvua. Bado unayo?"

Nikasema ninayo.

"Tunaiomba. Tuitundike barazani, ofisi ya kijiji, iangalie nje. Maji yamezidi unga."

Wazee wakaitikia. Mwalimu Boaz akapaliwa na kahawa yake. Na mimi nikapandwa na hasira. Miezi minne nawafundisha watoto wa watu kwamba karatasi ni karatasi na mvua inatoka baharini, halafu nikabidhi somo langu likawe hirizi? Nilifungua mdomo nikatae.

Ndipo nikamtazama usoni. Mzee alikuwa ananitazama kwa utulivu mno, kama mteja anayejua bei na anangoja muuzaji aitaje. Nikakumbuka kwamba ofisi ya kijiji ndiyo njia ya kisimani, njia ya zahanati, na njia ya pombe. Nikakumbuka dagashida ni wiki tatu tu zijazo.

"Nitawapa zote mbili," nikasema, "ila kwa sharti. Watoto wa darasa langu watasimama hapo kwa zamu, na yeyote atakayekuja kutazama ataelezwa anachokiona. Na nitawaambia wote kweli, kwamba picha haizuii mvua."

"Sema utakavyo," akasema Mzee Maganga. "Sisi tunataka itundikwe."

Tumezifunika kwa nailoni ile ambayo baba anafungia marobota ya vitambaa. Adhuhuri zilikuwa ukutani.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua haijakatika hata kidogo. Na baraza la ofisi halijawahi kujaa hivi. Wanakuja kuona kama picha inafanya kazi. Wakifika wanaona mvua inaendelea, na kwa kuwa wamelowa tayari, wanakaa. Wakikaa wanauliza. Wakiuliza, wanakutana na darasa la sita.

Leo nimesimama nyuma nikimsikiliza Asteria akimfundisha mama mmoja mwenye ndoo kichwani.

"Hapa ni kwenu, mayu. Hii ni njia."

"Na zizi letu?"

"Zizi halionekani. Ila hapa ng'ombe wenu walikula."

"Ehe. Na huu wekundu?"

"Ndiyo ngitili. Mwaka themanini na sita haikuwepo, tazama hii nyingine."

Yule mama akaweka ndoo chini, akaweka kidole juu ya ile alama nyekundu, akakiacha hapo. "Nilizuiwa kukata kuni pale nikiwa na mimba ya kwanza," akasema. "Nililaani sana. Kumbe ndiyo hii."

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Njia bado haipitiki, kwa hiyo baba yuko mjini nami niko huku, mara ya kwanza maishani. Nilianza kujihurumia asubuhi. Bibi Paskalia akakamata jogoo, akamwita kijana Mwislamu wa jirani aje kuchinja badala yake alipokumbuka, maana alishakuwa na kisu mkononi. Darasa la sita wamekuja wote bila kualikwa. Jogoo mmoja, watoto hao wote. Tumekula zaidi matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na sijawahi kucheka siku ya Idd namna ile.

Jumanne, 3 Februari

Jua. Kwa siku tatu sasa. Wazee wanapeana mikono barazani. Nimesema kweli yangu mbele yao kama nilivyoahidi: kipimo chetu, mawingu ya Bwana Eustace, bahari. Wamenisikiliza kwa adabu sana.

Jumatano, 11 Februari

Dagashida ilikuwa leo.

Uwanja wa shule umejaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Picha zilikuwa zimeletwa kutoka barazani na kupigiliwa ukutani, lakini hakuna aliyezitazama, wote wanazijua. Bibi Paskalia alikaa mbele na kitenge kipya, mikono mapajani. Asubuhi alikuwa amewaswaga ng'ombe wake mwenyewe mpaka malishoni, na kuwahesabu mara mbili.

Wa kwanza kusema alikuwa Selestine, kijana wa hapa anayechimba dhahabu upande wa Buzwagi. Yeye ndiye aliyewaleta watu wa matimba. Akasema vizuri juu ya zahanati: watoto wanalazwa chini ya nyasi zinazovuja, mabati si anasa. Watu wakanong'ona, maana ni kweli. Nami moyo wangu ukashuka.

Bibi Paskalia akasimama. Sijawahi kumsikia akisema hadharani. "Nyasi hizo zinazovuja zilikatwa wapi?" akauliza. "Si ngitilini? Tukate nyingine, tuezeke nene. Miti ya kenchi tuikate kwa ruhusa, kidogo kidogo. Mabati yakiliwa na kutu, tutayavuna kilima gani?" Akakaa.

Mzee Maganga akamgeukia Selestine. "Unalo jibu?"

Selestine akatazama zile picha, halafu Kipara, kile kidonda chekundu cha udongo kilimani.

"Kule duarani," akasema taratibu, "ukitoboa mlima usiuegemeze, unakuangukia. Nimewatoa wenzangu kwa mikono yangu. Ndiyo maana nilikuja kutafuta matimba." Akanyoosha kidole kwenye ngitili. "Sasa naona ya kwetu yalishapigwa. Yako kilimani. Nikiyang'oa, pataanguka kama pale. Nafuta ombi langu."

Akakaa, na kijana aliyekuwa pembeni yake akampigapiga mgongo. Mikono ya kuilinda ngitili ikanyooshwa. Sikuhitaji kuhesabu. Bibi Paskalia hakunyoosha wake, alikuwa ameziba uso nao.

Baadaye nilimfuata Mzee Maganga alipokuwa anazing'oa picha mwenyewe, taratibu, msumari baada ya msumari. Nilikuwa na swali langu tangu Januari.

"Mzee, wewe kweli unaamini hii picha inafukuza mvua?"

Akaangalia kushoto na kulia. "Mvua imetoka bahari ya upande wa pili wa dunia," akasema, "halafu karatasi yako iizuie? Asteria amenieleza hayo kila siku mpaka nimechoka."

"Sasa kwa nini..."

"Nilishawaahidi watu wa matimba. Mwenyekiti hawezi kumeza neno lake, ila kijiji kikikataa, kimekataa. Sasa niambie, Mwalimu. Ningewaita watu waje kujifunza jiografia, angekuja nani? Nimewaita waje kufukuza mvua, wamekuja wote."

Akanikabidhi picha, akapangusa vumbi kwenye suruali yake. Imepigwa pasi tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akanisubiri nimalize, kisha akaniaga vizuri kama mtu na bintiye.

Ijumaa, 13 Februari

Nimerudisha picha darasani. Nilichukua kitambaa na maji nipanguse nailoni, maana imechafuka wiki tatu barazani. Nikaiweka ile ya 1996 kwenye mwanga.

Mbuga ni safi. Mto ni safi. Barabara ya mjini, safi. Juu ya kilima cha ngitili tu, pale penye wekundu, nailoni ni nyeusi kwa alama za vidole, juu ya vidole vingine, vya mashambani, vya jikoni, vidogo na vikubwa, mpaka rangi yenyewe haionekani vizuri.

Nimemwaga maji nje na kuibandika hivyo hivyo. Kaniki nimeikunja kabatini. Oktoba nitaivalisha tena, Bibi Paskalia ameshaniambia, na ng'ombe wake, ambao hawatauzwa tena, watakuwepo kuiona mvua.